Pedali Haina Salamu

Mbumbuni hapana mtu anayechagua pedali. Pedali huja na baiskeli na hukaa nayo hadi raba zake zitoke, kisha vyuma vilivyoshika raba vitoke, hadi ibaki ile ekseli tupu ya katikati. Mwenye baiskeli ataikanyaga hiyo kwa miaka kana kwamba ndivyo kiwanda kilivyokusudia. Nimewaona wanaume wakitoka mtoni na mitungi minne ya lita 20 kwenye keria ya Black Mamba, yaani kilo 80 za maji, mguu wa kulia ukikanyaga pedali na wa kushoto ukikanyaga kichuma kisichozidi unene wa kidole. Akala zao zimechimbika mfereji katikati ya wayo, na ekseli huketi humo kwa starehe. Ukiwauliza mbona hawanunui pedali mpya, watakutazama kwa huruma. "Kwani hii imekataa kuzunguka?"

Kwa hiyo nilipomwendea fundi wetu chini ya mwembe pale sokoni, nikamwambia nataka tushauriane kuhusu aina ya pedali, alizima redio kwanza. Kisha akaniuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa: "Mwalimu, nyumbani kuko salama?"

Nyumbani kulikuwa salama. Kilichokosa usalama ni baiskeli. Mpwa wangu, aliyekuwa akipeleka vifurushi kwa wateja Nairobi, alipata kazi ya kukaa ofisini akaniachia baiskeli yake ya mitumba. Ni nyembamba, na nyepesi kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili anaiinua. Usukani wake ni mfupi ulionyooka, haina keria, haina stendi, haina kengele, na breki ni moja tu, ya mbele. Vijana wa mjini huiita fiksi.

Fundi aliipindua magurudumu juu akaanza uchunguzi. Alizungusha pedali mbele, gurudumu likaenda mbele. Akaizungusha nyuma, gurudumu likarudi nyuma. Akatikisa kichwa. "Friwili imeshika kutu. Leta mafuta ya taa." Tukaiosha kwa mafuta ya taa, tukaianika, akaigonga kwa nyundo iliyofungwa kitambaa ili isiumie, tukaiosha tena. Hatimaye akajifuta mikono na kutoa hukumu mbele ya watazamaji: "Hii friwili imekufa."

Haikuwa imekufa, haikuwahi kuzaliwa. Friwili ndiyo inayokuwezesha kuacha kupiga pedali huku baiskeli ikiendelea kuserereka. Kwenye fiksi gia ya nyuma imekazwa moja kwa moja kwenye gurudumu, na juu yake ikafungwa ringi ili isilegee. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka. Pedali zikizunguka, miguu inazunguka, na mwenye miguu hana kura. Ukitaka kupunguza mwendo, unazipinga pedali kwa nguvu za mapaja. Kwa maana hiyo pedali ya fiksi ni kitu cha kuendeshea na pia breki ya nyuma, na mtu anayechagua pedali huku anachagua breki. Hilo lilinichukua muda kumweleza fundi. Muundi wangu ulilielewa mapema.

Wenzetu wanazo baiskeli hizi tangu zamani, lakini wana mahali pake. Wajapani wana mbio za keirin, zilizoanza mjini Kokura mwaka wa 1948, ambamo watu huwekea waendeshaji dau kama farasi. Baiskeli zao hazina breki hata moja, na miguu hufungwa kwenye pedali kwa vizimba vya chuma na mikanda. Uwanja wao ni laini, umeinuliwa kwenye kona, na hauna mbuzi. Sisi tuna Milima ya Mbooni juu yetu, bonde la Mto Athi chini yetu na Kitui ng'ambo, na kati ya juu na chini ni vigumu kupata mahali tambarare pa kusimamisha hata kiti.

Kabla ya mteremko wa kwanza nilipiga hesabu, kama inavyompasa mtu anayefundisha somo hilo. Gia ya mbele ina meno 44, ya nyuma 16. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara 2.75, na kwa kuwa mzingo wa gurudumu ni kama mita 2.1, ninasogea karibu mita 5.8. Nikishuka kwa kilomita 40 kwa saa, miguu itapaswa kuzunguka mara 115 kila dakika. Kwenye karatasi jibu lilikuwa zuri, hata nililipigia mstari.

Kwenye barabara ya kuelekea Tawa jibu lilikuwa lile lile, ila sasa lilikuwa na maumivu. Pedali alizoniachia mpwa zilikuwa za plastiki, ndogo na laini, za kukanyagwa na mtu anayejua anachofanya. Mwendo ulipopamba moto miguu yangu ilijiuzulu. Pedali ziliendelea na kazi bila mimi, na kila moja ilipopita ilinigonga muundi, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa uadilifu ambao sijauona katika utumishi wa umma. Breki ya mbele nilikuwa nimeisahau, kwa sababu mikono ilikuwa inasali. Tuliingia shamba la ndengu, mimi na baiskeli, tukatoka upande wa pili. Mama mwenye shamba aliinuka na jembe lake, akatutazama, akasema: "Mwalimu, hata njiani kunapitika."

Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walipiga mayowe, "Froome! Froome!" Sikuwasahihisha. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985, akafunzwa mbio na David Kinjah kule Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara nne. Ningependa kuamini kwamba naye aliwahi kuingia shamba la mtu.

Pedali za kwanza tulizozijaribu badala ya zile zilikuwa za Black Mamba. Fundi alizitoa kwenye kopo kwa heshima zote. "Hizi ndizo zilizobeba Ukambani." Na ni kweli zina sifa: ni pana, raba yake haina makali, ikikugonga inakugonga kwa upole wa mzazi. Lakini raba ikilowa inateleza. Isitoshe, pedali yenyewe ni nene, imekaribia ardhi, na haina pa kupitishia mkanda. Mtu mwenye friwili mguu ukiteleza anaurudisha tu. Mwenye fiksi anaurudisha mahali ambapo pedali ilikuwa, si ilipo.

Ufungaji wake nao ulikuwa na mambo. Kijana anayejifunza kazi kwa fundi aliikaza ya kulia bila shida, akahamia kushoto. Kadiri alivyokaza, ndivyo ilivyozidi kutoka. Ilipoanguka chini akatangaza kwamba nyuzi zimelika. Fundi alimnyang'anya spana. "Ya kushoto hukazwa kinyume. Babu yangu alinionyesha, na mimi nimekuonyesha."

Sababu ipo. Mguu unapoikandamiza pedali inayozunguka, ekseli yake hujipekecha kidogo kidogo ndani ya krenki, kinyume na mzunguko wa pedali. Nyuzi za kushoto zingekuwa kama za kulia, pedali ingejifungua yenyewe safarini. Wilbur na Orville Wright, wale waliorusha ndege mwaka wa 1903, walikuwa kwanza watengenezaji wa baiskeli kule Dayton, Marekani, na miaka michache kabla ya kuruka walijitangaza kwa pedali zisizojifungua za namna hiyo. Kijana alisikiliza yote hayo, akauliza kama hao Wright walikuwa na fiksi.

Kanuni ya kukumbuka ni rahisi: spana ikitazama juu, ukiisukuma kuelekea mbele ya baiskeli unakaza, ukiivuta nyuma unalegeza, pande zote mbili. Krenki ya Black Mamba ni ya chuma, itakusamehe ukikosea. Ya fiksi nyingi ni ya alumini, na pedali ya chuma iliyoingizwa kwa mabavu huzila nyuzi zake mara moja, ukaachwa na baiskeli ya mguu mmoja.

Kisha tukaingia kwenye vizimba, vile vya Wajapani. Kizimba ni fremu ya chuma mbele ya pedali inayofunika vidole, na mkanda wa ngozi unaoukaza mguu. Ni kitu kizuri mguu ukiwa tayari umo ndani. Lakini kizimba kina uzito, kwa hiyo mguu usipokuwamo pedali hujipindua na kizimba kuning'inia chini kikikwaruza barabara. Inabidi uipindue kwa ncha ya kiatu, upenyeze vidole, huku pedali inazunguka na haikungoji. Anayejifunza hutazama chini ili aone anachofanya, na huo ndio wakati ambao mbuzi wa Mbumbuni huvuka barabara.

Mvua za Novemba zilitukuta bado tuko kwenye vizimba. Ukambani hizi ndizo mvua tunazozitegemea kuliko zile za Machi, na zikinyesha kila mtu huvaa gambuti. Nami nilivaa. Gambuti iliingia kwenye kizimba kwa kusukumwa, mkanda ukakazwa, nikaenda sokoni vizuri kabisa. Shida ilikuwa kusimama. Nilipouvuta mguu, mguu ulitoka na gambuti ikabaki. Baiskeli ilisonga mbele kidogo na gambuti yangu ikipiga pedali bila mimi, nami nikasimama kwenye tope na soksi moja. Mama anayeuza maembe alinipungia mkono. "Mwalimu, kiatu kinakuacha! Kimbia!"

Mpwa aliposikia alituma kwa matatu suluhisho la kitaalamu: pedali za kunasa. Kiatu chake kina kipande cha chuma chini ya wayo. Ukikanyaga kinajifunga kwenye pedali kwa sauti ya "tak", na ukitaka kutoka unasokota kisigino kuelekea nje. Waliobobea huzipenda sana. Mfaransa Bernard Hinault alishinda Tour de France ya mwaka wa 1985 akizitumia, na baada yake vizimba vikaanza kutoweka katika mbio za barabarani.

Hinault hakuwa na wazee wa kuamkua njiani. Kwetu huwezi kumpita mzee ukiwa juu ya baiskeli ukapunga mkono kama diwani. Unasimama, unashuka, unasalimu, unauliza habari za mvua, za ng'ombe na za aliye Mombasa, ndipo unaaga. Pedali haijui salamu. Nilimwona mzee mmoja mbele ya kinu cha posho, nikapunguza mwendo vizuri, nikasimama vizuri, nikafungua mdomo nimwamkue, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba bado nimefungwa miguu yote miwili. Mtu hawezi kusokota kisigino, kutafuta maneno ya heshima na kushika mizani kwa wakati mmoja. Nilianguka upande, polepole, nikiwa nimekaa, usukani mkononi, hadi nikatua miguuni pake bado niko kwenye baiskeli. Mzee aliiegemea bakora yake, akaniangalia pale chini.

"Mwana wakwa," akasema, "salamu za mkono zinatosha."

Zilizofuata ndizo ninazozipendekeza. Ni pedali pana na nyembamba za chuma, zenye vijipini vidogo juu vinavyouma soli ya kiatu. Vijipini hivyo haviruhusu kiatu kiteleze hata kwenye mvua, na hata akala huzishika barabara, ingawa vikikukosa wayo vikakupata muundi utakuwa na alama ya kuwaonyesha wajukuu. Pana, ili usihitaji kuutafutia mguu mahali pake. Nyembamba, kwa sababu ya kona. Mwenye baiskeli ya kawaida akikata kona huinua pedali ya ndani isiguse ardhi. Kwenye fiksi pedali haitulii juu. Itashuka zamu yake ikifika, hata kama pale chini pana jiwe, na ikiligonga, gurudumu la nyuma linaruka. Ndiyo maana baiskeli nyingi za viwanjani huwa na krenki fupi, za milimita 165. Kwetu dawa ni kuikata kona kwa mwendo wa maandamano ya mazishi.

Pana peke yake haitoshi, kwa sababu mteremkoni mguu lazima uvute pia, si kusukuma tu. Pedali inaposhuka, mguu uliofungwa unaivuta juu kuizuia, na huko ndiko kufunga breki. Hapo panahitajika mkanda mpana unaopita mshazari juu ya mguu: unauingiza mguu umepinda kidogo, ukiunyosha mkanda unakaza, ukiupinda tena unalegea. Hauna tak, wala hauchagui kiatu, mradi kimefunikwa na kina soli ngumu.

Fundi aliukata wa kwanza kwenye tyubu kuukuu, maana huku hakuna kisichofungwa kwa tyubu. Ulionekana imara. Lakini tyubu inanyumbuka. Nilipovuta mguu juu kuzuia mwendo, mkanda ulivutika nao, ukanipa nafasi ya kufikiri juu ya maisha, kisha ukanirudisha kwa kishindo. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumetengeneza manati.

Mkanda wa pili ulitoka kwenye matatu mbovu iliyolala nyuma ya gereji. Wakenya wa rika langu wanakumbuka Februari 2004, John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, matatu zote zikalazimishwa kufunga mikanda na vidhibiti mwendo. Mkanda ule wa kiti haunyumbuki, haulowi ukalegea, na ni mpana wa kutosha. Mingi yake, tuseme ukweli, ilizeeka bila kufunga abiria. Huu wangu umepata kazi katika uzee wake: unazuia mwendo kasi kwenye mteremko wa Mbumbuni, na sidhani kama yupo ofisa wa trafiki atakayeulalamikia.

Kuna jambo moja zaidi, la kuanza safari. Pedali ya fiksi hairudi nyuma uiweke unapopataka. Shika breki ya mbele, inua gurudumu la nyuma kidogo, sogeza pedali hadi ikae juu mbele yako, kisha uondoke. Fanya hivyo mahali pasipo na watu. Sokoni wakikuona unainua baiskeli wataamini imekwama, na Mbumbuni ina watu wengi wenye moyo wa kusaidia. Walinisukuma kabla sijaingiza hata mguu mmoja kwenye mkanda, wakashangilia nilivyokuwa nikienda.

Anayejifunza hana haja ya kuharakisha. Magurudumu mengi ya fiksi yana nyuzi pande zote mbili: upande mmoja gia ya kufungwa, upande wa pili pa kufunga friwili. Waliotutangulia walitumia ujanja wa namna hiyo kwa milima. Kabla ya Tour de France kuruhusu mashine za kubadilishia gia mwaka wa 1937, waendeshaji walikuwa wakishuka, wakigeuza gurudumu la nyuma na kuendelea na gia nyingine. Geuza na wewe. Zoea pedali na mikanda kwa upande wa friwili, ukiwa na breki mbili, ndipo urudi upande wa pili. Tulipogeuza gurudumu langu, friwili ya Black Mamba ilijikaza pale bila ugomvi. Fundi aliwaita wote walioshuhudia siku ile ya mafuta ya taa. "Si niliwaambia? Tatizo lilikuwa friwili."

Hukumu yangu ni hii. Kwa anayeanza fiksi, chukua pedali ya chuma iliyo pana na nyembamba, yenye vijipini, pamoja na mkanda mpana usionyumbuka na kiatu cha kufunika chenye soli ngumu. Raba ya Black Mamba mwachie Black Mamba. Vizimba viache hadi utakapoweza kuingiza mguu bila kutazama. Za kunasa zinunue utakapohamia mahali pasipo na wazee. Breki ya mbele usiitoe hata ukiombwa na mpwa wako. Anza kwenye uwanja wa mpira wa shule, watoto wakiwa darasani. Na kama fundi wako hajui kwamba pedali ya kushoto hukazwa kinyume, mshukuru, mlipe kwa muda wake, kisha uisukume baiskeli hadi kwa fundi mwingine.